Bawaba za pazia la kioo linalokunjwa: hesabu, chumvi na ukuta

Pazia la kioo la bafuni likianza kukwaruza ukingo wa hodhi, lawama ya kwanza hukiendea kioo: kizito mno. Mara nyingi kioo hakina kosa. Kioo cha mm 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba, na bawaba iliyotengenezwa vizuri inaubeba uzito huo bila shida. Kinacholilegeza pazia ni umbali. Limening'inia kwa upande mmoja tu, na likiwa la kukunjwa lina viungo viwili vya kulegea badala ya kimoja. Ulegevu wa kiungo cha katikati unajumlishwa na wa ukutani. Kwa hiyo anayebuni bawaba hizi na aanzie ukutani aje nje. Umbo na rangi ni mambo ya mwisho.

Pazia tunalolizungumzia lina mabapa mawili ya kioo juu ya hodhi la kuogea. La kwanza limeshikwa na ukuta wa upande wa mabomba, la pili limeshikwa na la kwanza. Wakati wa kuoga yote mawili husimama mstari mmoja juu ya ukingo wa hodhi. Ukimaliza, la pili linakunjwa kwa ndani juu ya la kwanza, kisha yote yanasukumwa hadi karibu na ukuta, na hodhi linabaki wazi kwa kumwogeshea mtoto, kwa kufulia, au kwa kujaza maji ya akiba siku za mgao. Katika fleti za Mombasa ambazo choo kiko hatua moja tu kutoka hodhini, huku kukunjika ndiko kunakolinunulisha pazia. Bafu lenye nafasi ya kutosha halihitaji bawaba ya katikati, na lisiwekewe: bapa moja lililosimama imara ni bora kuliko mawili yanayochezacheza.

Uzito haubadiliki, mvuto unabadilika

Chukua mabapa mawili, kila moja upana mm 500 na urefu mm 1400, kioo cha mm 6. Eneo la kila moja ni mita za mraba 0.7, uzito kilo 10.5. Jumla kilo 21.

Yakiwa yamekunjwa, uzito wote uko kama sm 25 kutoka ukutani. Yakinyooshwa, la kwanza linabaki pale pale, lakini kitovu cha uzito wa la pili kinahamia sm 75. Ukipiga hesabu ya wenzo, kilo 21 mara mita 0.25 ni 5.25, yakinyooka ni 10.5 mara 0.25, ujumlishe 10.5 mara 0.75, unapata 10.5. Hakuna hata gramu moja iliyoongezeka, ila mvuto juu ya bawaba za ukutani umekuwa maradufu. Bawaba hizo zikiwa umbali wa mita 1, ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya kilo 10.5 na ya chini inasukumwa ndani kwa kiasi hichohicho. Zikiwa sm 50, kila moja inapata kilo 21.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya bure. Bawaba ziwekwe mbali kadiri kioo kinavyoruhusu, sm 15 hadi 20 kutoka juu na kutoka chini, kabla hujafikiria kununua nzito zaidi. Ulegevu nao unafuata kanuni iyo hiyo. Pini ikicheza nusu milimita ndani ya bushi (bomba dogo la ndani linaloishika), na bawaba zikiwa mita 1, ncha ya pazia la mita 1 inashuka nusu milimita. Ya katikati ikicheza vivyo hivyo inaongeza robo. Ukizisogeza bawaba zote ziwe sm 50, mserereko unafika milimita moja na nusu. Hiyo inatosha kuufanya mpira wa chini, unaoziba maji ukingoni, uburure.

Uzito wa kioo wenyewe si mtihani mkubwa. Mtihani ni mtu anayeteleza na kudaka ncha ya pazia. Pazia si mkono wa kushikia, na mwenye nyumba aambiwe hivyo, lakini mbunifu asidhani atasikilizwa. Anayeteleza akining'iniza kilo 50 kwenye ncha, bawaba ya juu inavutwa kwa takriban kilo 60. Pini iliyoshikwa upande mmoja tu, nguvu ikiingia mm 15 kutoka inapoanzia, itaona mkazo huu: ya mm 6, zaidi ya megapaskali 400; ya mm 8, kama 175; ya mm 10, kama 90. Chuma cha pua cha daraja la 316 kilicholainishwa huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 200 na kidogo. Yaani pini ya mm 6 inapinda, ya mm 8 inapona kwa nusura. Nguvu ya pini inapanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kwa hiyo milimita mbili ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Ukiweza kuishika pini juu na chini, bawaba ikipita katikati kama ya mlango wa kawaida, shida hii inapungua sana.

Jambo jingine linalosahaulika ni nani abebe uzito wa kwenda chini. Bawaba ya chini pekee iwe na washa (pete bapa) ya kukalia. Ya juu iache nafasi ya milimita moja na ishike kwa pembeni tu. Ukitaka zote mbili zikalie kwa pamoja, moja itagusa na nyingine haitagusa, na hutajua ni ipi. Bawaba ya tatu katikati haisaidii kitu isipokuwa imepangwa mstari mmoja sawasawa na zile mbili. Ikipotoka, zote tatu zinakuwa ngumu na bushi zinalika.

Mhimili wa mkunjo ukae wapi

Mabapa yakikunjwa yalale moja juu ya jingine, mhimili hauwezi kupita katikati ya unene wa kioo. Lazima utoke nje ya uso wa kioo, upande yanakokunjikia, kwa nusu ya nafasi itakayobaki kati yake. Ukitaka nafasi ya mm 12, mhimili uwe mm 6 nje ya uso. Kwa kioo cha mm 6 hiyo ni mm 9 kutoka katikati ya unene wake. Nafasi hiyo si ya urembo. Ndani yake kuna vichwa vya skrubu vya mabapa yote mawili, mm 4 kila upande, na kidogo cha kupumulia. Ukiuleta mhimili mm 3 ili mabapa yalale karibu zaidi, vichwa vitagongana kabla kioo hakijafika mwisho, na kuanzia hapo mkono unaosukuma unageuka mtalimbo wa kung'oa bawaba.

Mhimili ukiwa upande wa ndani, kingo za vioo zinaachana yanapokunjwa kwa ndani na zinakutana yakisukumwa nje. Pazia linajizuia lenyewe lisipinduke kuelekea sakafuni, jambo zuri, kwa sababu maji yanayochuruzika kwenye kioo yanabaki juu ya hodhi. Hatari ni kukiacha kioo chenyewe kiwe kizuizi. Kioo kilichokazwa kwa joto kinahimili kofi la uso wake, lakini ukingo ukigongwa kinaweza kusambaratika chote. Kizuizi kiwe bega ndani ya mwili wa bawaba, limevikwa plastiki, linalosimamisha mabapa kingo zikiwa bado zimeachana mm 3 hadi 4. Mwanya huo ubaki hivyohivyo tangu juu hadi chini na ufunikwe kwa mpira laini, maana unapanuka wakati wa kukunja, na kidole cha mtoto kinaingia wakati huo kisha kinabanwa mabapa yakinyooshwa.

Bawaba ipi ikunje kwanza? Mtu huvuta ncha na kutegemea pazia lijue lenyewe. Haliwezi kujua isipokuwa bawaba za ukutani ziwe ngumu kidogo kugeuka kuliko za katikati. Ziwekewe kidutu chenye springi kinachoingia kwenye kishimo pazia likiwa limesimama juu ya ukingo, na kingine likiwa limefika mwisho ukutani. Bila hivyo mabapa yote yanageuka kwa pamoja na la pili linakwenda kugonga bomba.

Na bomba lenyewe lipimwe kabla ya kuagiza kioo. Hodhi la upana wa mm 700 huwa na bomba la kuchanganya maji katikati, mm 350 kutoka ukingoni, nalo likitokeza mm 100. Bapa linaloelekea ukutani litagota likiwa limebakisha nyuzi 16. Bapa la pili linakaa upande wa ukutani, kati ya la kwanza na ukuta, kwa hiyo unene wake nao unaondoa nyuzi kadhaa: pazia litageuka kama nyuzi 70 tu, si 90. Kwa wengine hiyo inatosha. Asiyeridhika ahamishe bomba au alipunguze bapa la kwanza liishie kabla ya bomba. Hakuna bawaba itakayomsaidia.

Kupanda na kushuka

Mpira wa chini unatakiwa ukandamize ukingo wa hodhi pazia likiwa limefungwa, lakini usiburuzwe linapozungushwa. Bawaba za kupanda hutatua hili kwa kipande chenye mteremko wa parafujo chini ya pini: ukigeuza nyuzi 90, pazia linainuka mm 5, ukirudisha, linashuka kwa uzito wake.

Vipande hivi vingi hufeli kwa sababu moja. Mteremko ukikatwa kwenye duara la nusu kipenyo cha mm 8, robo mzunguko ni mm 12.6, na kupanda mm 5 kunatoa mwinamo wa nyuzi 22 hivi. Plastiki ya asetali juu ya chuma cha pua huanza kuteleza yenyewe kwenye nyuzi kama 11, kwa hiyo pazia linashuka vizuri. Sasa mbunifu anataka bawaba nene yenye sura ya kifahari, anaupeleka mteremko kwenye nusu kipenyo cha mm 20. Robo mzunguko inakuwa mm 31.4, mwinamo unaanguka hadi nyuzi 9, na pazia linabaki limening'inia juu, mpira hauugusi ukingo, maji yanakwenda sakafuni. Mteremko uwe karibu na pini na uwe mkali. Kuuinua si kazi: kilo 21 kupandishwa mm 5 ni kitu ambacho mkono kwenye ncha hauhisi.

Kupanda kufanyike kwenye bawaba za ukutani pekee. Za katikati zisiende juu wala chini, ili mabapa yote yainuke kama kitu kimoja.

Haya yote yanaharibiwa na ukuta usiosimama wima. Mhimili ukiinama mm 10 katika urefu wa mm 1400, ncha ya pazia la mita 1 itabadilika kimo kwa mm 7 kati ya kufungwa na kugeuzwa nyuzi 90. Ulipanga mm 5 za kupanda. Ukuta umekunyang'anya zote na kukudai mbili. Kwa sababu hii kati ya ukuta na bawaba huwekwa mfereji wa alumini unaoweza kurekebishwa hadi mm 20, na kinachopigwa timazi ni mhimili wa bawaba. Vigae vifuate vinavyotaka. Pengo litazibwa na silikoni.

Chumvi

Bawaba ileile inayodumu Nairobi inaweza kuota madoa ya kahawia Mombasa kabla mwaka haujaisha. Hewa ina chumvi, hasa msimu wa kusi kwa nyumba zinazotazama bahari, na visima vingi vya kisiwani hutoa maji ya magadi kwa sababu ardhi ni matumbawe na bahari haiko mbali. Bafuni maji hayo yanakauka juu ya bawaba mara mbili kwa siku au zaidi, na kila yakikauka yanaacha chumvi na chokaa nyuma.

Bawaba za bei nafuu ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa kromu. Kromu ikipata tundu dogo, zinki inaliwa chini yake na ngozi inavimba. Tusizipendekeze pwani kwa bei yoyote. Shaba ya manjano yenye kromu nene ni afadhali, ingawa maji ya chumvi huinyonya zinki polepole na kuiacha tepetepe. Chuma cha pua cha daraja la 304 ndicho kinachouzwa sana; kina kromiamu na nikeli, lakini kloridi iliyomo kwenye chumvi hukitoboa vishimo. Daraja la 316 limeongezwa molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, na hilo ndilo la kuagiza. Usidanganyike na sumaku ya dukani: inamfichua anayekuuzia chuma cha kawaida, ila 304 na 316 zote mbili haziivuti, au zinaivuta kidogo sana. Dawa ya tone ya kupimia molibdenamu ndiyo inayozitenganisha.

Hata 316 huliwa mahali ambapo maji yanatuama bila hewa: chini ya washa, ndani ya tundu lisilotoka upande wa pili, kati ya bamba na mpira uliolegea. Mbunifu aondoe mifuko hiyo. Tundu la pini litoke chini ili maji yadondoke, uso wa juu uwe na mwinamo, pembe za ndani ziwe za mviringo. Skrubu za chuma cha pua zikiingia kwenye alumini, ziwekewe washa na mirija ya plastiki, vinginevyo alumini inaliwa kuzunguka kila skrubu na kuacha unga mweupe. Alumini yenyewe iwe na ngozi ya anodi (tabaka gumu la oksidi linalojengwa kwa umeme) ya maikroni 20. Nyuzi za bolti ya chuma cha pua kwenye nati ya chuma cha pua zipakwe grisi ya kuzuia kushikana. Zikikazwa kavu zinaweza kuganda kabisa, na hapo dawa ni msumeno.

Kwenye bushi ndipo pa kuwa mkali. Nailoni ni rahisi kupata na ni kosa la kawaida. Inakunywa maji: nailoni 6 ikishiba huongezeka uzito karibu asilimia 9 na kuvimba asilimia 2 hadi 3. Bushi ya kipenyo cha nje cha mm 12, ikibanwa na chuma pande zote, haina pa kuvimbia ila ndani, na nafasi ya 0.1 mm uliyomwachia pini inamezwa. Pazia lililokuwa laini siku ya kufungwa linakuwa gumu wiki chache baadaye, mtu analivuta kwa nguvu, skrubu za ukutani zinaanza kucheza, na fundi anaitwa kukaza kitu kisicho na kosa. Asetali hunywa chini ya asilimia 1. Adui wake ni asidi kali na dawa za klorini, kwa hiyo chokaa kwenye bawaba isafishwe kwa siki iliyozimuliwa au ndimu, isuuzwe mara moja, na dawa ya choo ibaki chooni. Watu wanne wakioga mara mbili kwa siku, pazia linafunguka na kufungwa karibu mara 3,000 kwa mwaka. Bushi iwe kitu kinachobadilishwa bila kukishusha kioo.

Kukishika kioo

Matundu yote hutobolewa kabla kioo hakijakazwa kwa joto. Baada ya hapo hakitobolewi wala kukatwa, kinavunjika. Mchoro wa kiwandani uwe kamili: kipenyo cha tundu kisipungue unene wa kioo, ukingo wa tundu uwe mbali na ukingo wa kioo angalau mara mbili ya unene, na mbali na pembe mara sita. Kwa mm 6 hiyo ni mm 12 na mm 36, lakini usikae mpakani. Bolti ya mm 6 ipite katika tundu la mm 14 lenye bushi ya plastiki, ili chuma kisiguse kioo popote. Mpira wa sanisi wa EPDM wa mm 1 uwe pande zote mbili za kioo; wa PVC hutambaa kwa joto, yaani husogea polepole ukibanwa, na bawaba hulegea bila skrubu kuzunguka. Kaza kwa zamu, skrubu moja kidogo na nyingine kidogo, kisha rudia baada ya siku moja.

Kuna njia isiyohitaji matundu: profaili ya alumini ya urefu wote, upande mmoja una mfuo, mwingine una shina la mviringo linalotelezeshwa ndani. Inagawa mzigo kwenye mm 1400 zote na kuziba maji kwenye mkunjo, kwa hiyo kwa katikati tunaipenda kuliko bawaba mbili. Sharti iwe na bitana ya plastiki, maana alumini juu ya alumini yenye chumvi hukwaruzana hadi kugoma.

Ukuta

Kuta za matofali ya matumbawe, na zaidi zile za Mji wa Kale zilizojengwa kwa mawe na chokaa, ni laini na zina mapango. Bolti ya kutanuka hupasua jiwe. Plagi ya plastiki huzunguka tu. Toboa bila mtetemo wa nyundo, pitisha brashi na upulize vumbi lote, kisha fimbo ya mm 8 iingizwe sm 8 ndani ya resini (gundi inayogandia tunduni). Kwenye tofali la saruji lenye uwazi tumia soksi ya wavu ili resini isimwagike ndani. Mfereji wa ukutani ufungwe sehemu tano, kila sm 30 hivi, usitegemee mbili za bawaba pekee. Kila tundu lijazwe silikoni kabla skrubu haijaingia, kwa sababu maji yakipita nyuma ya kigae yanakula ukuta kimyakimya.

Resini ikishakauka, nyoosha pazia, pitisha mkanda mpana uliowekewa kitambaa kwenye pembe ya juu ya ncha, na uning'inize ndoo ya lita 20 iliyojaa. Hiyo ni karibu mara mbili ya mvuto wa pazia lenyewe. Asikae mtu chini yake. Kabla ya ndoo weka alama mbili kwa penseli ukutani mkabala, moja ya kimo cha mkunjo na moja ya kimo cha ncha. Baada ya nusu saa ondoa ndoo na upime tena. Zikirudi zote, kazi imekwisha. Mkunjo ukibaki chini, ulegevu uko ukutani. Mkunjo ukirudi na ncha ikabaki chini, kosa ni la bawaba za katikati, na aghalabu ni mpira unaotambaa chini ya bamba.